Sura ya Nne: Kinanda Huchaguliwa Kikiwa Kimezimwa

Mtu anayetafuta sintesaiza ndogo, ya kufanyia mazoezi sebuleni siku za wiki na kubeba kwenda kanisani, ukumbini au harusini mwisho wa wiki, karibu kila mara huanza kwa kuomba iwashwe. Muuzaji huchomeka waya, hubonyeza kitufe cha onyesho, na duka zima hujaa tarumbeta, ngoma na vinanda vya kila namna. Baada ya dakika 5 mnunuzi ameshaamua, na alichoamua ni kwamba aliyerekodi lile onyesho kiwandani alikuwa hodari. Sura hii inatetea mwenendo mwingine. Mtihani wa kwanza wa kinanda ufanyike kabla umeme haujaingia ndani yake, kwa kuwa mambo yatakayoamua kama mpigaji ataishi nacho miaka 10 au atakiuza kabla ya mwaka kwisha yanaonekana na kuguswa kikiwa kimya: funguo zake nyeupe na nyeusi, idadi na upana wake, uzito wa chombo, matundu ya nyuma na njia yake ya kupata umeme. Hayo hayabadiliki tena baada ya kulipa. Sauti, ambazo ndizo hutangazwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, zinaweza kuongezwa, kufutwa na hata kuazimwa kutoka chombo kingine. Ndiyo maana hoja yangu ni hii: anza na kisichobadilika, malizia na kinachobadilika.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia ya vyombo hivi. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na funguo 44, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na haikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi hata sauti moja. Mpigaji aliizungusha vifundo mpaka apate alichotaka. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyojengwa juu ya uvumbuzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilikuwa na funguo 61, noti 16 kwa pamoja, na nafasi ya sauti 32 ndani yake. Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 za sauti zilizorekodiwa, kiasi ambacho leo hakitoshi kubeba picha moja nzuri ya simu, na bado ilitawala studio za dunia. Sasa tazama Yamaha MX49, kinanda kidogo cha kilo 3.8 kilichotoka miaka ya 2010: kina sauti zaidi ya 1,000 na hutoa noti 128 kwa wakati mmoja. Kama wingi wa sauti ndio ungekuwa kipimo cha chombo, basi mpigaji wa MX49 angekuwa amewazidi kwa mbali waliopiga DX7, na sote tunajua haiwi hivyo. Wingi ulikwisha kutosha zamani. Tangu hapo kinachotofautisha vinanda vidogo ni namna vinavyopokea mikono ya mtu.

Ushahidi wa pili ni waya mmoja. Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, Prophet-600 ya kampuni ya Marekani na Jupiter-6 ya kampuni ya Kijapani ziliunganishwa, na aliyebonyeza funguo za moja alisikika kwenye nyingine. Ndiyo ilikuwa MIDI ikijionyesha hadharani, lugha ambayo vinanda huzungumza mpaka leo. MIDI haisafirishi sauti. Husafirisha habari: ufunguo gani umebonyezwa, umebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na umeachiwa lini. Kwa hiyo DX7 ya mwaka 1983, ikipewa kiunganishi kinachofaa, bado inaweza kuendesha sauti zilizotengenezwa wiki iliyopita ndani ya kompyuta. Lakini hakuna waya wala programu inayoweza kukipa kinanda funguo ambazo hakikuzaliwa nazo. Anayenunua funguo mbaya kwa ajili ya sauti nzuri ameshikamana na kile kisichorekebishika ili apate kile ambacho angekipata kwa njia nyingine.

Inafaa tuufungue ufunguo mmoja tuone ndani. Chini ya plastiki ile nyeupe, katika sintesaiza nyingi ndogo, kuna kibonge cha mpira chenye vituo viwili vidogo vya kaboni. Kidole kinaposhuka, kituo cha kwanza hugusa bamba la umeme, kisha cha pili hufuata baada ya punje ya sekunde. Kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, kidole kimeshuka kwa kasi, na noti itoke kwa nguvu; ukiwa mrefu, itoke kwa upole. Muda huo hugeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama piano itanong'ona au itapiga kelele. Hapo ndipo linapopata jibu pingamizi la kwanza, la wale wanaosema kuwa msikilizaji hasikii funguo, anasikia sauti. Ni kweli hasikii plastiki. Anachosikia ni zile namba. Piano iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa, ikipokea namba zinazorukaruka kwa sababu mpira ni legelege au umepangwa ovyo, hutoka kama mtu anayesoma shairi zuri huku akikohoa. Piano ya kawaida ikipokea namba zinazofuata nia ya mpigaji husikika hai.

Ndiyo sababu majaribio ya dukani yaanze kinanda kikiwa kimezimwa. Bonyeza ufunguo mweupe ukingoni, kisha katikati, kisha kule ndani karibu na funguo nyeusi. Ukiona kule ndani unahitaji nguvu maradufu, jua kwamba kila wimbo wenye funguo nyeusi nyingi utakuchosha. Sukuma ufunguo upande kwa kidole kimoja: kuyumba kidogo ni kawaida, kugongana na jirani yake ni ugonjwa. Bonyeza mmoja harakaharaka mara 10, uone kama unarudi juu kabla kidole hakijarudi chini. Ndipo kiwashwe, chagua piano, shusha noti moja kwa upole hatua kwa hatua mpaka kwa nguvu, na usikilize kama ngazi zote zipo au kinanda kinajua kunong'ona na kufoka tu. Kwa kinanda kilichotumika, pita ufunguo mmoja mmoja kutoka kushoto hadi kulia kwa nguvu ileile. Ufunguo unaoruka kwa sauti kubwa kuliko wenzake, au usiotoa kitu kabisa, mara nyingi ni wa kituo cha kaboni kilichoingiwa na vumbi au jasho. Fundi akiufungua na kuusafisha hupona, na mpira uliochoka hubadilishwa. Kwa hiyo kasoro hiyo ni hoja ya kupunguza bei kuliko sababu ya kukimbia.

Baada ya ubora wa ufunguo ni hesabu yake, na hesabu hii tuifanye kwa rula. Katika piano ya kawaida, okteva moja, yaani funguo 7 nyeupe na 5 nyeusi, ina upana wa takriban milimita 165. Kwa kipimo hicho, piano kamili ya funguo 88 ina sentimita 122 za funguo peke yake. Kinanda cha funguo 61 kina sentimita 85. Cha 49 kina sentimita 68. Na cha 37 kina kama sentimita 52. Weka mbao za pembeni na vishikizo vya kupindisha noti, na Roland JUNO-DS61 inafika mita 1 na uzito wa kilo 5.3, wakati MX49 inaishia sentimita 83. Tofauti hiyo ya sentimita 17 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama begi litakaa mgongoni mwa abiria wa bodaboda au litatoka pembeni kama mbawa, na kama litapita mlangoni mwa daladala bila ugomvi. Kwa upande wa muziki, hesabu ni hii: mpigaji wa bendi isiyo na mpiga besi hugawa kinanda, mkono wa kushoto ukapiga besi na wa kulia piano. Kwenye funguo 61 hubaki na okteva 2 za besi na 3 za piano, nafasi ya heshima. Kwenye 49 hubaki na 2 na 2, akabanwa kidogo. Kwenye 37 kila mkono unapata okteva moja na nusu, na hapo mikono huanza kuombana radhi. Kwa anayetaka kinanda kimoja kifanye kazi zote mbili, ya nyumbani na ya jukwaani, 61 ndiyo idadi ya salama, na 49 ndiyo mpaka wa chini kwa mtu anayesafiri sana au anayepiga pamoja na mpiga besi.

Hapa anasimama mpinzani mwenye hoja nzito, na jina la hoja yake ni microKORG. Chombo hiki kilitoka mwaka 2002 kikiwa na funguo 37 za saizi ndogo kuliko za kawaida, kikitoa noti 4 tu kwa wakati mmoja, kikiwa na uzito wa kilo 2.2 bila betri. Kikapendwa na wanamuziki wa jukwaani kwa zaidi ya miaka 20. Yamaha nayo mwaka 2015 ilitoa familia ya reface, vinanda 4 vya funguo 37 ndogo, vyenye spika zake na betri, kila kimoja kilo 1.9. Je, haya hayavunji hoja yangu? Nadhani yanainyoosha. Wengi waliopanda na microKORG jukwaani hawakuitegemea ibebe wimbo mzima. Ilikaa juu ya kinanda kingine, au kando ya gitaa, ikafanya kazi moja: besi nene, mluzi wa kupasua, au sauti ya mtu iliyogeuzwa kuwa ya mashine. Kwa kazi ya noti chache zinazopigwa kwa mkono mmoja, ufunguo mdogo hauna kosa lolote. Tatizo huja pale mtu anapokifanya kuwa kinanda chake pekee. Anayejifunza nyumbani juu ya funguo ndogo hufundisha vidole vyake umbali usio sahihi, na siku akikaa mbele ya kinanda cha kanisani vidole hutua kati ya noti na noti. Kwa hiyo kinanda cha funguo ndogo ni mke mwenza mzuri, lakini nyumba haijengwi juu yake.

Tugeuze sasa chombo tutazame mgongo wake. Kinanda cha kwenda jukwaani kinahitaji matundu mawili ya jeki nene ya kutolea sauti, kushoto na kulia, mbali na tundu la hedifoni. Vinanda vingi vya nyumbani vina tundu moja tu linalofanya kazi zote mbili, na fundi mitambo akichomeka miksa hapo, kila marekebisho ya sauti hugeuka mashindano kati ya kifundo cha kinanda na kifundo chake, huku spika za kinanda zikizimika na mpigaji akibaki hajisikii. Yataka pia tundu la pedali ya kushikilia sauti, na likiwepo la pili la pedali ya kupandisha na kushusha nguvu, waimbaji watamshukuru mpigaji, maana nyuzi zinazovimba taratibu chini ya ubeti haziwezi kuchezwa na mtu ambaye mikono yote miwili imeshughulika. Halafu umeme. Katika miji yetu umeme hukatika katikati ya ibada na katikati ya harusi, na jenereta likiwashwa huja na mshituko wake. Kinanda kinachokubali betri za AA, kama JUNO-DS61 inayotumia 8 au Korg Kross 2 inayotumia 6, huvuka pengo hilo bila kujizima na kuanza upya. Kwa kinachotegemea adapta, hakikisha unapata adapta yake yenyewe, kwani vinanda vidogo vingi vya Yamaha hula volti 12, vingi vya Roland hula volti 9 na hasi ikiwa katikati, na adapta isiyolingana inaweza kukiua kinanda kwa sekunde moja ingawa kichwa chake kimeingia vizuri kabisa.

Sasa ndipo zije sauti, na hata hapa swali la kwanza lisiwe ni ngapi. Hesabu sauti anazotumia mpiga kinanda wa kwaya au bendi kwa jioni nzima: piano, piano ya umeme, ogani, nyuzi, tarumbeta, na pengine moja ya kupiga peke yake mbele. Ni 6. Maswali yenye maana ni mawili. La kwanza: inachukua muda gani kutoka moja kwenda nyingine? Shikilia nyuzi kwa pedali, kisha badilisha kwenda piano. Vinanda vingine huacha nyuzi zififie zenyewe, vingine huzikata kama redio iliyochomolewa, na pengo hilo mbele ya watu 500 ni refu kuliko linavyoonekana. Hivyo hivyo kitufe cha kuhamisha kii: mwimbaji akipanda nusu toni bila taarifa, mpigaji anayelazimika kupita kurasa tatu za menyu atamfikia wimbo ukiwa umekwisha. La pili: kinanda hutoa noti ngapi kwa pamoja kwa hesabu ya kweli? Sauti moja nzuri inaweza kuundwa na tabaka 4, na kila tabaka hula nafasi yake. Anayepiga piano iliyochanganywa na nyuzi, tabaka 4 kila moja, hutumia nafasi 8 kwa kila ufunguo; akiwa ameshikilia noti 8 kwa pedali, nafasi 64 zimekwisha, na noti ya tisa itaiba nafasi ya mojawapo ya zile za mwanzo. Ndiyo maana 128 ni idadi ya kutembea nayo kwa amani, na 64 ni ya kutumia kwa akili.

Wapo watakaosema kwamba nimejibomolea hoja mwenyewe: kama sauti zinaweza kutoka kwenye kompyuta, kwa nini nisinunue funguo tupu zisizo na sauti, nikaziunganisha na laptopu au simu? Kwa kazi ya nyumbani na kurekodi, ushauri huo ni mzuri, na ni mtoto halali wa hoja ninayoitetea. Jukwaani kuna kikwazo kimoja kinachopimika, nacho ni kuchelewa. Kompyuta hutengeneza sauti kwa mafungu. Ikifanya kazi kwa vipande 44,100 kwa sekunde na fungu la vipande 256, kila fungu huchukua karibu milisekunde 6. Sauti husafiri hewani kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ni sawa na kukaa mita 2 kutoka kwenye spika, jambo ambalo hakuna anayelalamikia. Laptopu dhaifu ikilemewa, mtu huongeza fungu hadi 1,024 ili sauti isikatike, na kuchelewa kunafika milisekunde 23: sasa ni kama kupiga piano iliyo mita 8 mbele yako, na mpiga ngoma anaanza kukutazama. Ongeza waya unaolegea, sasisho la programu linalojianzisha na betri inayokwisha, na utaona kwa nini kinanda chenye sauti zake ndani, hata chache, ndicho cha kutegemea mbele ya watu. Kilicho bora ni kinachofanya yote mawili: kinajitegemea jukwaani, na kina tundu la USB la kukiunganisha na kompyuta nyumbani.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa anayeanza na kwa mpigaji wa taarabu, na wote wawili wana haki. Anayeanza husema anahitaji spika za ndani na midundo ya kumsindikiza, vitu ambavyo sintesaiza nyingi hazina. Ni kweli, na kama hatatoka nyumbani kwa miaka 2, kinanda cha midundo chenye funguo 61 zinazopokea nguvu ya kidole kitamfaa kuliko sintesaiza. Lakini masharti hayajabadilika: kipo kinanda cha midundo cha bei ndogo ambacho funguo zake hutoa nguvu ileile hata ukizigonga au kuzipapasa, na hicho humfunza mwanafunzi kwamba mkono wake hauna maana. Mpigaji wa taarabu naye anahitaji noti zinazokaa katikati ya funguo, zile robo toni za maqamu za Kiarabu ambazo qanuni na fidla za vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, huzitoa bila shida. Kwake yeye, uwezo wa kushusha noti moja moja kwa robo toni, na hasa kwa vitufe vilivyo usoni mwa kinanda kama katika mfululizo wa Yamaha PSR-A au baadhi ya Korg Pa, unaingia kwenye orodha ya visivyobadilika. Kinanda kilichojengwa bila uwezo huo hakitaupata kwa kuongezewa sauti za udi. Mfano huu unaonyesha kwamba orodha ya kila mpigaji inaweza kuwa na jambo lake la pekee, ila mpango wa kuchagua unabaki uleule.

Mpango huu unamlinda zaidi mwenye pesa kidogo, na kwa ajili yake nimeuandika kwa urefu. Mwenye pesa nyingi akikosea hununua kingine. Mwenye akiba moja akishawishiwa na boksi lililoandikwa sauti 800 anaweza kurudi nyumbani na chombo ambacho mikono yake itakikataa ndani ya miezi mitatu, na pengine akaamini kuwa ni yeye asiye na kipaji. Kwa kiasi hichohicho huenda angepata sintesaiza iliyotumika, yenye mikwaruzo usoni na sauti ambazo hazitangazwi tena, lakini yenye funguo 61 zinazosikia kila kidole, jeki mbili nyuma na adapta yake halali. Hiyo inaweza kupiga ibada ya Jumapili ijayo kama ilivyo, na mwaka ujao ikaunganishwa na kompyuta ikapata piano mpya. Kwa hiyo ukiingia dukani, mwombe muuzaji asiwashe kitu kwanza. Pandisha mikono yote miwili juu ya funguo zilizo kimya, piga wimbo unaoujua kuliko nyimbo zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama vidole vimeupata wimbo wote bila kutafuta njia, basi mruhusu muuzaji achomeke waya.